Maneno ya Aliyelowa

Mjomba Eilif anatengeneza miavuli mjini Bergen,
mji ambao mvua haibishi hodi.
Duka lake liko nyuma ya kiwanda cha zamani cha samaki,
mlango wa kijani, kengele isiyolia.
Miaka thelathini na minne
amenyoosha mbavu za chuma, ameshona vitambaa,
ameshindana na upepo, na upepo haujachoka.

Mwaka jana nilimfungulia tovuti.
Akaniamuru niandike juu kabisa:
Nyumba ya Anga Dogo.
Basi. Hayo tu, na picha ya wingu,
picha nzito hivi kwamba ungechemsha kahawa
ukainywa, ukasuuza kikombe, haijafunguka.

Miezi mitatu, wageni kumi na mmoja.
Tisa kati yao nilikuwa mimi.

"Kizuri chajiuza," alisema bila kuinua macho.
Mjomba, kizuri kilichofungiwa kabatini
kinaliwa na nondo.

Nikavuta kiti. Nikamweleza kama ninavyoelewa,
mimi niliyefukuzwa kazi mara mbili kabla ya kuelewa:
Yuko msomaji asiyelala.
Hana jicho la kulistaajabia wingu lako.
Hupapasa maneno, kama sisi tupapasavyo ukuta
umeme ukikatika,
hutoka kiungo hadi kiungo,
na pasipo na mlango hapiti.
Alichookota hukipanga ghalani,
mtu akiuliza, humpa kinachofanana na swali lake.
Na hakuna aliyewahi kuuliza anga dogo.

"Wanauliza nini?"

Nikamgeuzia kioo cha kompyuta:
mwavuli umepinduka kwa upepo
fundi mwavuli karibu na stesheni
ubavu wa mwavuli umekatika bei gani
na mmoja, saa nane na dakika saba usiku:
mwavuli wa mama haufungi unaweza kupona

Akavua miwani. Hilo la mwisho alilisoma mara mbili.
"Huyu hatafuti," akasema. "Huyu analia."

Tukaandika upya usiku ule,
kwa maneno ya aliyelowa, si ya aliyekauka.
Kichwa: Tunatengeneza miavuli iliyovunjika, Bergen.
Chini yake maswali yao, na majibu yake mafupi,
yale anayoyatoa akiwa na sindano mdomoni:
Ndiyo. Siku mbili. Usiutupe.
Wingu tukalifuta.
Picha za mikono yake tukazipunguza uzito,
kila moja nikaiandikia inaonyesha nini,
kwa ajili ya wasioona, na kwa yule msomaji.

Binamu yangu Torgils, mjuaji wa njia za panya,
akashauri tuandike mwavuli mara mia mbili,
herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe.
Mjomba akacheka hadi akakohoa.
"Nikimwita mteja mara mia mbili
atadhani naungua moto."

Kisha Gudny, fundi wa mabegi ng'ambo ya daraja,
akaweka kwenye tovuti yake sentensi moja:
Miavuli siiwezi, nenda kwa Eilif.
Hatukumlipa. Hatukumwomba.
Sentensi ile ilikuwa na uzito
kuliko yote niliyoyapanga mimi.

Tukangoja. Wiki ya sita, kimya.
Kazi hii ni unga uliotiwa hamira,
ukiufunua kila dakika unaupoza.
Mimi niliufunua kila dakika.

Novemba akaja mwanamume mrefu, ametota,
amebeba mwavuli mwekundu uliofungwa kwa taulo.
Yeye amelowa, mwavuli mkavu.
Alisimama akiangalia meza, koleo, nyuzi.
"Nilisoma kwamba nisiutupe."

Mjomba hakuuliza ni wa nani.
Alifuta mikono, akaupokea kama mtu apokeavyo mtoto aliyelala,
akaanza kuugusa ubavu mmoja mmoja.

Nikamsogezea mgeni kiti.
Akaniuliza kama tuko wazi kila siku,
maana alikaa nje kwa muda akibonyeza kengele.
Nikasema ndiyo, kila siku,
ila kengele
bado hatujaitengeneza.